Hodi Kutoka Ndani

Ni mwaka mmoja sasa, Baba, tangu mtu apigiwe kelele katika nyumba hii kwa kuingia chumbani bila hodi. Tulidhani tutapumua. Kumbe! Juzi mjukuu wako mdogo alisukuma mlango wa chumba cha Mama bila hata kugonga, na hakuna aliyemwambia kitu. Mama alicheka, halafu akakaa kitandani akalia.

Wadogo zangu wamenipa kalamu mimi, kifungua mimba wako, kwa sababu wanasema nina mdomo. Haya, leo nautumia vizuri. Sikuja kulalamika. Nimekuja kushukuru, maana miaka thelathini na moja ya mwisho ya maisha yako tuliipata kama nyongeza, na hatukuijua habari yake mpaka siku tulipokuzika.

Ulikuwa seremala wa milango. Wenzako walitengeneza vitanda, makabati, viti. Wewe milango tu na fremu zake. Ulizinusa mbao kabla ya kuzichukua. Penseli ilikaa juu ya sikio lako mpaka ukaisahau, na kwenye picha za harusi yangu ipo, suti nzuri, tai nzuri, na penseli. Kitu ulichokichukia kuliko matusi ni kulipua kazi. Fundi wako akiacha msumari umechungulia, ulimwambia, "Kuna siku utakutana na kazi yako mwenyewe, utajificha wapi?"

Wewe ulikutana na yako.

Vita vilipofika mjini ulikuwa umetoka kufuata bawaba dukani. Ulimwambia Mama, "Narudi sasa hivi." Sasa hivi hiyo ikawa miezi saba. Wapiganaji walikukamata njiani, wakakupeleka kiwanda cha sabuni na kukusukumia kwenye ghala lenye watu wengine kumi na tisa, ili muwachimbie mahandaki na kuwabebea mizigo. Mlango ulipofungwa nyuma yako, uliijua sauti yake. Ulikuwa mlango wako. Uliutengeneza mwenyewe miaka minne nyuma: mbao ngumu za inchi mbili, komeo la chuma, fremu iliyozama ukutani kiasi cha kiganja.

"Fundi," akakuuliza dereva wa lori mliyekamatwa naye, "hakuna hata ubao mmoja uliolegea?"

"Hakuna."

"Jamani! Si ungelipua kazi siku ile moja tu!"

Mlicheka wote, watu ishirini, mkiwa mmefungiwa.

Hukutuambia haya. Ukiulizwa habari za vita ulijibu, "Tulikaa kaa tu," kisha unaomba chumvi. Aliyetuambia ni karani wa kiwanda kile, aliyefungiwa pamoja nawe, yule mliyekuwa mkimwita Mama Faili. Alikuja mazikoni kwa mkongojo, akakataa chai mpaka kwanza tumsikilize.

"Njaa tuliizoea," alisema. "Kilichotumaliza ni kuingiliwa bila hodi. Mlango unapigwa teke saa yoyote: wewe, simama, twende. Mwezi haukuisha na sisi wenyewe tukawa hivyo hivyo, tunarukana na kukanyagana kama magunia. Hakuna aliyemwomba mwenzake radhi."

Ndipo ulipookota kipande cha sabuni kwenye kona, ukapiga magoti, ukapima kwa shubiri na kuchora sakafuni nyumba ishirini. Kila nyumba ilitosha mtu mmoja kulala, na kila moja uliiachia nafasi ya mlango. Kisha ukaenda ukasimama nje ya mstari wa Mama Faili.

"Hodi."

"Fundi, umeanza kuchanganyikiwa?"

"Hodi, mama."

"Haya, karibu. Maana hata nikikukatalia utaenda wapi?"

Wiki ya kwanza walikufanyia mzaha. Dereva alikuwa akiitikia, "Karibu sebuleni, angalia usivunje vyombo." Wiki ya pili wakazoea. Siku moja Mama Faili alikuwa ameelekea ukutani, analia, hataki mtu amwone. Akasikia hodi yako nyuma yake. Akajaribu bahati yake, akasema, "Subiri kidogo." Na wewe ukasubiri. Ulisimama pale na kikombe chake cha maji mkononi mpaka alipojifuta uso akasema karibu.

"Wanangu," alituambia, "miezi yote ile hakuna binadamu aliyenisubiri. Siku ile nilijua nitatoka mzima."

Dereva hakutoka. Homa ilimchukua mwezi wa tano. Wapo waliotaka nafasi yake, kwa sababu palibana, lakini hukukubali mstari wake ufutwe. Kila asubuhi mlipopita kwake kwenda kazini mlipiga hodi, mkapita pembeni. Baba, ulimlinda mwenzako hata alipokuwa hayupo, na sisi tunaona fahari kubwa.

Mwezi wa saba wapiganaji walikimbia alfajiri wakawaacha mmefungiwa. Saa nne asubuhi jeshi likaingia kiwandani. Mliwasikia wakija ghala kwa ghala: teke, bomu la mkono, kimya. Ghala la kwanza lilikuwa tupu. La pili tupu. La tatu ni lenu.

"Tupige kelele," mtu akanong'ona.

"Tukipiga kelele watadhani ni wale."

"Na tukinyamaza je?"

Mlango wako ulikuwa mnene mno, Baba. Hauna ufa, hauna tundu, mtu wa nje hawezi kujua ndani kuna nani. Mama Faili anasema viatu vilishafika mlangoni aliposikia unainuka. Ulikung'uta vumbi kwenye shati, ukafunga kifungo kilichobaki, ukagonga mara tatu kutoka ndani.

"Hodi! Hodi hapo nje!"

Viatu vikasimama.

"Nani huyo anapiga hodi kutoka ndani?"

"Fundi seremala. Tuko kumi na tisa, hatuna silaha. Tunaomba kutoka."

Mtu mmoja akaangua kicheko. "Haki ya Mungu sijawahi kuona! Hebu weka chini hilo bomu." Kisha akaitikia kama alivyolelewa kwao: "Karibuni!"

Ufunguo wapiganaji walikuwa wameondoka nao, na kuvunja ilikuwa kazi nyingine. Robo saa nzima walilipiga lile komeo, jasho linawatoka, mpaka mmoja akauliza kwa hasira, "Huu mlango katengeneza nani?"

"Ni mimi, afande," ulijibu. "Samahani. Jaribuni upande wa bawaba."

Mkatoka kumi na tisa kwenye jua.

Ulitembea siku mbili. Mama alikuwa uani anafua, na mimi wa miaka mitatu nacheza na povu. Miezi yote saba wateja wako walikuwa wakija kuulizia milango yao, naye alishazoea kuwajibu bila kuinua uso.

"Hodi hapa."

"Karibu. Fundi hayupo."

"Amerudi."

Mama anasema aliendelea kulisuuza shati aliloshika, akalikamua, akalianika, kwa sababu aliogopa kugeuka na kukuta si wewe. Na wewe mwanamume, baada ya miezi saba, ulisimama nje ya lango lako mwenyewe ukamngoja mpaka alipogeuka akasema tena, "Karibu."

Sasa tunaelewa, Baba. Tunaelewa kwa nini vyumba vyetu vilikuwa na milango wakati majirani wana pazia. Tunaelewa kwa nini ulisimama nje ya hema la shuka alilojenga mjukuu wako wa miaka minne, kikombe cha chai mkononi, ukaambiwa, "Subiri Babu, navaa," ukasubiri mpaka chai ikapoa. Tulikucheka siku nzima. Utusamehe.

Tunamshukuru Mama Faili kwa kutuletea habari yako. Tunamshukuru Mama, ambaye hakuruhusu mtu ahamishe hata randa yako muda wote ule. Tunamshukuru askari yule tusiyemjua jina wala sura, aliyesikia hodi akaitikia. Wadogo zangu wawili walizaliwa baada ya siku ile. Kama yupo hai na anasoma hapa, ajue kuna watu wazima wawili na watoto wao watano wanaomwombea.

Siku yako ya mwisho ilikuwa mchana, madirisha wazi, sisi sote kitandani kwako. Ulikuwa umenyamaza tangu asubuhi. Saa tisa ukainua mkono, ukagonga ubao wa kitanda kwa vidole, mara tatu, na ukasema, "Hodi." Sisi tulitazamana. Tulidhani ni homa, mdogo wangu akataka kukupa maji. Mama peke yake ndiye aliyeelewa unamwomba nani. Alikushika ule mkono akainama sikioni kwako, na sauti yake haikutetemeka hata kidogo: "Karibu, mume wangu. Umeshapokewa."

Ukaenda.

Chumba chako cha kazi tumekiacha kilivyo, hata maranda hatujafagia. Mama hupita kila asubuhi, hupiga hodi, husubiri kidogo, ndipo huingia kufungua dirisha. Hakuna anayemcheka.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye bado anakuita fundi wake. Mimi kifungua mimba wako na mume wangu. Wadogo zangu wawili na wake zao. Wajukuu wako saba, pamoja na yule wa hemani. Dada yako mkubwa. Mafundi wako wa karakana, ambao hawalipui kazi. Mama Faili na wote waliobaki wa zile nyumba ishirini.

Siku zetu zikifika, Baba, tutakuja kupiga hodi kwako, kila mtu kwa zamu yake. Ukituambia tusubiri kidogo, tutasubiri. Hatutakusahau siku zote za maisha yetu.