Baba, Viti Nimeving'oa

Kagarama, Kigali
Machi 1994

Baba,

Kabla hujasikia kwa mtu mwingine, nikuambie mwenyewe: viti vya gari lako nimeving'oa. Vyote viwili. Vile ulivyovishona kwa mkono wako miezi minne mizima, umeketi kwenye benchi, miguu imekuvimba, sindano ya magunia mkononi, ukiitukana ile ngozi ya ng'ombe kana kwamba ng'ombe mwenyewe yupo anasikia. Najua ungekuwa hai ungenifukuza na spana. Lakini usinikasirikie kwanza. Nisikilize mpaka mwisho, halafu utaamua.

Nianze na habari za nyumbani. Tangu tulipokuzika Gahanga mwezi wa nane, mdogo wangu Domitila amejifungua. Mtoto wa kiume, mzito, mwenye masikio yako. Tumempa jina lako, Anselmi. Mume wake bado yuko Ngara na lori lake, hajathubutu kuvuka mpaka kuja kumwona mtoto, na sisi wenyewe tumemwambia asije. Mama yupo, amekonda. Anaulaumu mfungo wa Kwaresima, lakini alianza kukonda kabla ya Krismasi. Kaburini kwako sijafika tangu mwezi wa kwanza, na majani sasa lazima yamelifunika. Nisamehe. Barabara ya kwenda huko siku hizi ina vijana wanaosimamisha watu na kuomba vitambulisho, na changu, kwenye mstari wa kabila, kina neno lile lile lililokuwa kwenye chako.

Naogopa, Baba. Niliseme tu, maana hapa nyumbani hatulisemi. Tunasema mvua, tunasema maharage, tunasema mtoto amelala vizuri. Asubuhi vijana wa mtaa wanakimbia uwanjani wakiimba, mikononi magongo, na miongoni mwao nawaona niliowafundisha kusoma darasa la pili. Mmoja alikuwa ananiamkia kila akiniona. Sasa ananiangalia tu. Redio naizima, lakini ya jirani inasikika hata nikiziba masikio. Mama anasema ni maneno ya watu. Namjibu lisemwalo lipo, na kama halipo laja, naye anaendelea kuchambua mchele.

Basi turudi kwenye gari.

Unakumbuka siku ulipolileta? Mwaka wa tisini, kabla vita havijaanza. Ulitoka hapa asubuhi na pikipiki yako, ukarudi jioni umekaa ndani ya kitu kilichofungwa kamba nyuma ya lori la bia. Ulikuwa umelikuta Kagugu, kwenye ua wa yule Mzungu mnunuzi wa kahawa aliyekuwa anarudi kwao: gari dogo la Kiitaliano, la mashindano, limelala miaka tisa chini ya migomba. Nyasi zilikuwa zimeota kupita sakafuni. Kuku wa mlinzi alikuwa anataga kwenye kiti cha dereva. Wewe ukaona mwili wake tu, ule mgongo mfupi na ile pua ndefu, ukampa Mzungu pikipiki yako papo hapo. Kwenye njia yetu lori lilishindwa kupita, wakaja wanaume sita kulisukuma gari kwenye tope, na jirani yetu Ladislasi alikuwa wa mbele, akicheka kuliko wote.

Mama hakucheka. "We baba Vestine, unatoa pikipiki iko natembea, unaleta gari iko nalala?" Wiki nzima hakusema na wewe. Chakula chako alikiweka juu ya boneti, akafunika sahani vizuri, akasema: "Kula na bibi yako mdogo." Nawe ukala hapo hapo umesimama, ukamsifu mpishi.

Halafu ukamtania yale maneno. Mama alipouliza gari gani hili lina viti viwili na sisi tuko wanne, ukamwambia, "Viti mbili, ya mimi na ya weye. Nitakupeleka Rebero kuangalia muji. Watoto watatembea na miguu." Tukacheka mpaka Domitila akakaa chini. Ukawa unalirudia kila mgeni akija. Watoto watatembea. Sikujua kama utani unaweza kukaa miaka mitatu unakungoja.

Kazi unaijua, mengi tuliyafanya pamoja. Jinsi ulivyomimina mafuta ya taa na oili chafu kwenye matundu ya plagi, ukaniambia, tuache wiki mbili, chuma hakipendi kulazimishwa. Jinsi tulivyoweka gia tukalitikisa gari mbele na nyuma, mbele na nyuma, mpaka injini ikalegea na wewe ukapiga ishara ya msalaba. Sakafu tuliiziba kwa bati la pipa. Kitabu chake kilikuwa cha Kiitaliano, mimi nikawa nakisoma kwa kukisia na Kifaransa changu cha shule, wewe ukawa unaangalia picha, na mara nyingi picha ndiyo iliyokuwa sahihi. Vita vilipofunga barabara ya Gatuna, ya mpakani, vipuri vikawa taabu, ukawa unaagiza kimoja kimoja kwa dereva wa basi la Bujumbura. Rangi nyekundu hukuipata. Ulikufa gari likiwa la kijivu, na mpaka leo ni la kijivu. Sasa nashukuru, kijivu hakivuti macho.

Baada ya matanga nilifikiri nitaliacha. Lakini nikitoka shuleni mikono ilikuwa inanipeleka huko yenyewe. Breki nikamaliza. Kabureta nikaifungua mara tatu. Mwezi huu wa tatu betri ikapatikana, na ikabaki kuliwasha tu. Hapo ndipo nilipoanza kuogopa kweli, kwa sababu gari bovu halina adui. Gari zima, siku hizi, linajulikana mpaka kwa wenye bunduki, na wanakuja kulichukua, na wakija kulichukua wanaingia ndani.

Nikaamua nitaliwasha mvua ikinyesha. Si ulikuwa unasema mvua ya masika kwenye mabati yetu mtu hasikii hata kitubio chake? Nilingoja siku nne. Jumamosi mchana ikaja yenyewe, kubwa, nikavuta turubai, nikakaa kwenye kiti chako, nikageuza ufunguo. Ikakohoa. Nikageuza tena. Mara ya tatu ikashika, Baba! Ikashika na kunguruma kwa sauti ile uliyokuwa unaiiga kwa mdomo kumbembelezea Domitila alipokuwa mchanga. Nililia. Mama alisimama mlangoni na mtoto, mkono mdomoni. Nikasahau mvua. Ilipokatika ghafla, jinsi inavyokatikaga hapa, injini ilikuwa bado inaimba mtaa mzima ukiwa kimya. Niliizima, lakini sijui ni pumzi ngapi zilipita. Spana iliniangukia mguuni na sikuhisi kitu.

Sauti nadhani haikufika mbali. Lakini mvua haifichi harufu, na mimi, binti wa fundi, sikulifikiria hilo. Moshi na petroli vilikaa uani vimejaa, hewa nzito baada ya mvua, havipandi wala haviondoki.

Ladislasi akaja kabla hata mabati hayajaacha kudondosha maji. Siku hizi yeye ndiye mkubwa wa selile, wa mtaa wetu kiserikali, anazunguka nyumba hadi nyumba na daftari, anaandika nani anakaa wapi. Zamani alikuwa anaingia kwa kelele, anaulizia pombe ya ndizi. Safari hii alibisha hodi kama karani. Akalizunguka gari lililokaa juu ya matofali, bila magurudumu. Akavuta hewa puani. Akauliza, "Vestine, hii gari ya baba yako iko natembea?"

Nikamwambia haina moto, naisafisha tu isioze. Wakati huo nilikuwa nimekwisha kuchomoa kile kidude kidogo cha ndani ya delko, kinachozunguka na kugawia plagi moto. Ulinifundisha mwenyewe: ukikitoa hicho, hata shetani haliibi gari. Kilikuwa kimefungwa kwenye pindo la kitenge changu, nami nilikuwa nimelishika pindo lile mpaka vidole vikaniuma.

Hakufungua boneti. Akaweka mkono juu ya kiti ulichoshona, akapapasa nyuzi zako taratibu. Akasema, "Viti mbili tu. Na hapa muko watu ngapi?"

Nikajibu, watu wazima watatu na mtoto mchanga. Anatujua, Baba. Alibeba jeneza lako. Alikuwa anajua jibu kabla ya kuuliza. Akatuangalia mmoja mmoja, Mama, Domitila, mtoto, mimi, akaandika kitu daftarini, akaondoka bila kuaga.

Tangu siku ile nimeligeuza swali lake kichwani mpaka limenichosha. Kuna saa naona alikuwa anatuhesabu. Kuna saa naona alikuwa ananionya, kwamba ndani ya gari hili hatutoshi, na kwamba nifanye haraka. Nimemwangalia kanisani Jumapili mbili, uso wake hausemi. Nimeacha kuutafuta ukweli wake. Maneno yale yana jibu moja tu, awe ameyasema kwa nia yoyote.

Nilimwambia Mama tutaondoka kwenda Ngara. Akauliza, kwa viti viwili? Akasema, "Basi weye na Domitila na mutoto. Mimi nabaki. Mimi ni mutu wa Bukavu, hawana neno na mimi." Akaenda kufua, na akafua nguo safi. Siku mbili hakutaka lizungumzwe. Usiwaze kwamba niligombana naye. Nilikaa na gari nikilia kwa hasira, na hasira yenyewe ilikuwa juu yako. Ungenunua gari la watu, Baba. Gari baya la milango minne, lenye sura ya sanduku. Wewe ukaenda kupenda mgongo mfupi.

Siku ya tatu nikachukua spana namba kumi na tatu, nikaanza na kiti cha abiria. Boliti zako zilikuwa zimekazwa sawasawa, moja imenitoa damu. Vilipotoka vyote nikajaribu ubao wa kitanda, ukawa mrefu. Nikajaribu mlango wa stoo, mpana. Mama alikuwa anatazama kutoka jikoni na mwiko mkononi. Akaingia ndani, akatoka amebeba benchi lako. Lile lile ulilokuwa unakaa kando ya gari kunielekeza, miguu ikishakushinda, ambalo tangu matanga hakuruhusu mtu alikalie. Akaliweka chini na msumeno juu yake. "Hii ndiyo itatosha," akasema. "Baba yako alisha kuizoea."

Nikalikata miguu. Limeingia, Baba, mlango hadi mlango, nikalifunga kwa boliti zile zile za viti. Nimetandika godoro la mtoto juu yake. Tumelijaribu turubai likiwa limefunika: mimi kwenye usukani, Mama katikati amekunja magoti kukwepa gia, Domitila mlangoni na Anselmi mapajani. Hatupumui vizuri, lakini tumekaa. Mama akasema gari limekuwa baya kabisa. Akaongeza kwamba sasa ndipo amelipenda kidogo.

Viti vyako sikuvitupa. Nimevifunga kwa gunia na kuvipandisha juu ya dari ya jiko, palipo pakavu. Nimefumua ushono mmoja nyuma ya kiti cha Mama. Humo ndimo nitakamoitia barua hii, nishone tena kwa sindano yako, ili isionekane na mtu asiyehusika. Ushono wangu si mzuri kama wako, utautambua.

Jumatatu ya Pasaka watu wanatembeleana, gari njiani halishangazi mtu. Asubuhi nitashusha matofali, nitarudisha magurudumu na kile kidude mahali pake. Tutapanda Rebero kwanza, kwa kuwa ulisema gari haliitwi zima mpaka limepanda pale na kushuka bila kusukumwa, na kwa kuwa ulimwahidi Mama. Atautazama mji dakika moja. Halafu hatutarudi nyumbani, tutashika barabara ya Rusumo, ya mpakani. Bariyeri za njiani, wanapoomba vitambulisho, sijui nitazipitaje. Nimefanya mazoezi ya kusema maneno machache bila sauti kutetemeka, bado inatetemeka. Tuombee huko uliko, kwa nguvu, na usipumzike siku hiyo.

Nakuahidi mambo mawili. Nitarudi kuvifunga viti vyako, na gari litapakwa rangi nyekundu, hata nikiwa kikongwe. Hilo lote ni jambo la pili, la maisha yangu yote. La kwanza ni la Jumatatu, na Mama ndiye aliyeniagiza nikuandikie, neno kwa neno, kukujibu ule utani wako.

Lala salama, Baba. Hakuna atakayetembea kwa miguu.

Binti yako,
Vestine