Jiwe la Tata na Taa ya Kalala

Mpendwa Yaya, kaka yangu mkubwa,

Mchungaji ametukataza kusema na wafu. Basi Mungu anisamehe, na wewe ukitaka unisamehe pia, maana kesho kutwa napanda treni kwenda Kasai na siwezi kuondoka Likasi nikiwa na jambo hili tumboni. Ulipokuwa hai nilikuogopa kidogo. Sasa sikuogopi.

Nianze na mema yako, kwa kuwa ni mengi. Wewe ndiye uliyenifundisha mawe. Ulipoanza kazi kwenye maabara ya kampuni nilikuwa bado shule ya msingi, na Jumapili baada ya ibada ulikuwa unanipangia mawe kwenye ngazi za baraza, kila ukoo mahali pake. Ukoo nilioupenda ulikuwa ule wa kaboneti, kwa sababu ulikuwa unadondosha tone la asidi na jiwe linatoa povu kama soda. Malakiti ya kijani ilikuwa humo, jiwe jeupe la risasi lilikuwa humo, na lile la waridi lenye kobalti. Nilikuuliza yanawezaje kuwa ndugu na hayafanani hata kidogo. Ulicheka mpaka ukakohoa.

“Rangi iko muongo, mudogo,” ulisema. “Usiangalie rangi. Uliza kile kiko mu ndani.”

Maneno hayo nimeyabeba miaka yote hii, Yaya. Ndiyo yanayonitesa leo.

Unalikumbuka jiwe la Tata, baba yetu. Alilitoa kwenye shimo la zamani kabla hajastaafu: vifuwele vya waridi juu ya mwamba mweusi, jiwe zima halizidi yai la bata. Likasi nzima ingekuambia hiyo ni kobalti, maana kwetu hapa waridi ni kobalti, hata watoto wanajua. Wewe peke yako ulikataa. Ulichukua chembe zilizokuwa zinamomonyoka chini yake, ukatia asidi, povu likatoka. Ulilipima kwa kiganja ukasema ni zito mno, lina madini ya risasi. Uliyeyusha chembe nyingine pamoja na boraksi kwenye moto, na ile shanga ya kioo haikuwa ya buluu, wakati kobalti hata punje tu ingeigeuza buluu. Baadaye mjiolojia wa kampuni alilitazama, akasema ni kaboneti yenye zile metali wanazoziita ardhi adimu, na kwamba mahali linapopatikana duniani ni pachache sana. Alitaka akate kipande aende nacho. Tata alimnyang'anya.

“Jiwe yangu haitakatwa,” alisema. “Itaenda nzima ao haitaenda.”

Tuliliheshimu neno lake hata alipokufa. Tulilifunga kwa pamba, tukalitia kwenye kopo la maziwa, na halikukatwa.

Kisha mambo yakaharibika. Mshahara ulikuwa unachelewa, halafu ukaacha kuja kabisa. Maabara yako ilifungwa, na karakana ya umeme alikofanya kazi mume wangu Kalala ikafungwa. Badala ya mshahara walimpa vifaa, na yeye akakuletea taa ya neon, ile ndefu, akaifunga mwenyewe sebuleni kwako kwa sababu ampuli yako, ile balbu ya kawaida, ilikuwa imeungua. Umeme wa mabwawa ya Mwadingusha na Koni ulikuwa bado unakuja. Njaa tulikuwa nayo, lakini mwanga tulikuwa nao. Ulimpiga Kalala begani ukasema sasa nyumba yako inafanana na ofisi ya dairekta. Ndiyo mara ya mwisho kuwaona mkicheka pamoja.

Ukoo ulikubaliana jiwe lionyeshwe kwa mzungu mmoja wa Lubumbashi aliyekuwa anakusanya mawe. Kalala alilipeleka. Mzungu alikuwa ameshaondoka nchini, basi Kalala akalirudisha. Aliingia kwako alasiri, mvua ikinyesha kweli kweli, tumefunga madirisha, taa ya neon inawaka. Ulifungua kopo. Ukafunua pamba. Jiwe lilikuwa la kijivu lenye ukijani, kama maji ya kusafishia vyombo.

Sote tuliona, nami niliona.

“Hii haiko jiwe ya Tata,” ulisema.

“Yaya, njo ile ile,” Kalala alijibu. “Minye nilienda nayo, minye nilirudi nayo. Hata kopo sikufungula.”

“Kobalti haikimbiake rangi. Uliuzisha yetu, ukatuletea takataka.”

Kobalti! Wewe, Yaya, uliyetuambia miaka yote kwamba si kobalti! Dirisha lilikuwa nyuma ya mgongo wako. Asidi ilikuwa kabatini. Hukusimama. Uliitazama rangi tu, halafu ukamtazama Kalala usoni, na kule nje siku hizo watu wa Kasai walikuwa wanaambiwa warudi kwao. Kwao wapi? Kalala alizaliwa Panda, hapa hapa Likasi, na lugha ya babu zake alikuwa anaivunja vunja. Lakini mwizi wa jiwe la baba mkwe, tena mtu wa Kasai, nani angemtetea? Mimi nilisema, “Yaya, tulipime.” Ukanijibu kwamba mwanamke asiingilie. Jiwe hilo, ulisema, utakwenda kulitupa mto Lufira ili lisilete laana nyumbani.

Wiki ile ile wale waliokuwa wanawafukuza watu wa Kasai walimtoa Kalala kwenye nyumba yetu. Alilala stesheni pamoja na wenzake, wakingoja mabehewa, chini ya mahema ya nailoni. Ngalula wetu alikuwa na surua. Ulisema mtoto mgonjwa haondoki, na dada yako hamfuati mwizi. Kalala mwenyewe alinisihi nibaki mpaka mtoto apone, halafu nimfuate. Kila asubuhi nilimpelekea bukari, ugali wetu, na majani ya mihogo. Wewe nilikuomba uende hata mara moja ukamuage, ukaniambia miguu yako haiwezi kukanyaga pale. Treni iliondoka, na kwa miaka mingi hakuna neno lililorudi.

Na ulitulea, siwezi kukana. Karo ya Ngalula kule Mulungwishi uliitafuta wewe, kwa kununua na kuuza unga. Nilipougua ulinifulia nguo, mwanamume mzima, mbele ya majirani. Nilikuwa najiambia Mungu kaninyang'anya mume kanipa kaka. Jambo moja tu lilinishangaza kidogo: taa ya neon haikuwepo tena sebuleni kwako. Ulirudisha ampuli. Ulisema neon inakuumiza macho.

Kiangazi hiki umekufa. Baada ya matanga walinipa kasha lako la kazi. Lenzi, nyundo ndogo, chupa ya asidi iliyokauka. Na chini kabisa, kopo la maziwa.

Nilikaa uani nikalifungua mchana kweupe. Waridi, Yaya! Waridi ile ile ya Tata. Nilifurahi kama mjinga. Kwanza nilidhani umelikomboa mahali, umemfuata aliyelinunua. Nikalitia kwenye mkoba niende nalo kwenye mazoezi ya kwaya, nimwonyeshe Ngalula. Kanisani kuna taa za neon. Nilipofunua pamba, lilikuwa kijivu chenye ukijani.

Nilitoka nje: waridi. Nikaingia: kijivu. Nikatoka, nikaingia, mpaka kwaya ikaacha kuimba.

“Mama, juu ya nini unaingia unatoka?” Ngalula aliuliza.

Nilimpa jiwe mkononi, nikamwambia afanye kama mimi. Alirudi akalifunga tena kwa pamba. Ndipo nilipoelewa: ardhi adimu zile zilizo ndani yake ndizo zinazoligeuza chini ya taa ya namna hiyo. Kalala hakubadilisha kitu. Taa aliyokuletea kwa upendo ndiyo iliyomshitaki.

Nilipolitazama vizuri niliona kona moja imekatwa, kwa nyundo, kazi safi ya mtu wa maabara. Basi ulilipima. Ulivunja neno la Tata, ukatia asidi, ukachoma na boraksi, na jiwe likakujibu kuwa ni lile lile. Lakini lini? Usiku kucha nilikutetea. Nilisema pengine ni miaka baadaye, treni imeshakwenda, Yaya akaona aibu, akatulea kwa toba. Nilikuwa tayari kukubali hivyo. Nilitaka sana kukubali hivyo.

Halafu wiki iliyopita akaja mama mmoja muuza mahindi, katoka Mwene-Ditu na treni. Kalala yuko hai. Hakuoa. Anafunga umeme kwenye nyumba za watu. Hajui kuwa umekufa. Yule mama alikaa kitini, akanywa maji, akanipa ujumbe kama alivyoushika:

“Anasema hakuuzisha jiwe. Anasema mutoto akomae muzuri. Na anasema, mwambie Yaya aksanti sana kwa ile neon alimuletea ku stesheni. Ilivunjika mbele ya kufika Kamina, lakini roho yake ilifurahi.”

Nilimwomba aseme tena, akarudia vile vile.

Kumbe miguu yako ilikanyaga stesheni. Ulipita katikati ya mahema na taa ndefu mkononi, ukamkuta amekaa juu ya mizigo yake, ukampa. Basi ulikuwa umeshalipima jiwe kabla treni haijaondoka. Ulimrudishia taa yake, Yaya, na jina lake jema ukalibakiza mfukoni. Naye akakushukuru! Anakushukuru mpaka leo. Ulikwenda kumwambia ukashindwa? Au ulikwenda kuhakikisha taa ile haibaki Likasi, nisije siku moja nikapita na jiwe chini yake? Kila nikikupa sababu nzuri, ampuli ile ya manjano inaniwakia kichwani. Uliogopa majirani? Au ulikuwa umechoka tu kuwa na shemeji mtu wa Kasai? Ulipanga mawe kwa kilicho ndani. Watu uliwapanga kwa namna nyingine.

Nina hasira na wewe, na nakupenda, na hasira ndiyo inayoamka kwanza asubuhi.

Naondoka na Ngalula. Jiwe liko kwenye mkoba wangu, na kona yake iliyokatwa. Nitamwonyesha Kalala dirishani, halafu chini ya taa. Nitamwambia umekufa. Akiniuliza kama ulijua, sitasema uongo. Kaburi lako nimelipalilia, nimemwachia funguo mama wa jirani.

Ulisema umelitupa Lufira. Ungelitupa kweli, Yaya, ningekuamini mpaka nife.

Mdogo wako,
Mama Ngalula