Magogo Mia Tatu ya Elovka

Kartie Plateau,
Komini ya Makiso,
Kisangani.

Jumamosi, tarehe 14 Juni 2025

Mpendwa mdogo wangu Lambert,

Nakusalimu wewe, wifi yangu Larissa, na mama yake. Mnaendeleaje huko Urusi? Unasema sasa ni majira ya joto, lakini picha uliyonitumia umevaa sweta, kwa hiyo sijui nimwamini nani. Na mguu wako? Usinifiche. Ulianza kunificha maradhi tangu ukiwa na miaka sita, na kila mara nilikugundua.

Sisi hapa tu wazima, tunamshukuru Mungu. Goti langu la kushoto limekataa ngazi, lakini tambarare linakubali. Binti yangu Viviane amejifungua mtoto wa kike, wamemwita Chancelle. Mumewe Patrice amezidi kunipenda tangu niliponunua simu mpya. Huja kuniuliza habari za goti huku macho yake yako kwenye kioo cha simu. Ndiyo sababu nakuandikia kwa mkono, kama zamani.

Barua ataichukua Arsène, yule mfanyabiashara wa Butembo anayeuza sabuni na sukari kwa jumla karibu na posta. Anakwenda Kinshasa, na huko ataikabidhi kwa mtu wa kuja kwenu. Yumo kanisani kila asubuhi, jambo ambalo kwangu halithibitishi kitu. Bahasha nimeishona kwa uzi mweusi na kupiga mafundo matatu. Ukikuta mawili, nijulishe.

Sasa tuje kwenye karatasi zako. Nimesoma historia yote ya kambi ya wafungwa ya Elovka uliyonitafsiria kwa Kifaransa, kurasa thelathini na moja, nimezisoma mara tatu. Nilipokuwa mtoto nilidhani kulazimishwa kukata miti ni jambo lililoletwa kwetu na Wabelgiji peke yao. Babu yetu alikuwa akituonyesha kovu la bega lake na kusema hilo ni la barabara ya Banalia. Kumbe na hao wenye theluji walifanyiana wenyewe kwa wenyewe. Watu elfu mbili msituni, mwalimu, padri, fundi wa viatu, kila mmoja na msumeno, na mkate kulingana na magogo. Kikosi kikifikisha idadi, kila mtu gramu mia nane. Kisipofikisha, mia tatu, na kesho yake wana nguvu pungufu ya jana.

Niliposoma habari ya Matvei, babu wa Larissa, sikukurupuka kumhurumia. Mfungwa aliyepewa kazi ya kuhesabu magogo na kuyapiga alama, anakaa kando ya moto wakati wenzake wanavuta mbao kwenye theluji. Mtu huyo kwangu ana maswali ya kujibu. Mimi nimefanya kazi hiyohiyo miaka ishirini na tisa kwenye depo ya mbao hapa mtoni, nikiwa pointeuse, mhesabu na mpiga alama, na wewe umevaa viatu vilivyotoka kwenye nyundo yangu ya alama. Najua kazi ile inavyomweka mtu karibu na vishawishi.

Kisha nikaona hesabu. Majira ya kuchipua ya mwaka 1943 barafu ikayeyuka, magogo yakateremshwa mtoni, yakahesabiwa upya kule chini, yakapungua mia tatu na kumi na mawili. Wakasema Matvei aliwauzia wanakijiji wa ng'ambo. Akakiri, akatia sahihi, akapigwa risasi. Na leo mji wenu unachonga jiwe la majina ya waliokufa Elovka, lakini kamati inasema mwizi haandikwi, na jiwe litasimamishwa mwezi wa tisa. Mama yake Larissa ana miaka themanini na saba na hajawahi kulitamka jina la baba yake mbele ya watu. Nimelielewa vizuri ombi lako. Umeniuliza kama mtu wa mbao: je, aliiba?

Jambo la kwanza lililonitia shaka ni wewe. Kurasa zako ziliruka kutoka kumi na nane hadi ishirini. Nilipokuuliza kwenye simu ukurasa wa kumi na tisa uko wapi, ukasema ulisahau. Lambert, wewe hujasahau kitu tangu ubatizo wako. Ulipoutuma nikaona sababu: yule mwanamke aliyekuwa muuguzi wa kambi anasema Matvei alikuwa na tumbaku ya kweli wakati wenzake wanasokota majani makavu. Uliona aibu kwa ajili ya mkeo, ukauficha.

Na ukurasa huohuo ndio wenye jibu. Usome tena, pale chini. Muuguzi anasema majira yale ya baridi jiko la bweni la wagonjwa lilikuwa linawaka vizuri, kwa sababu kikosi cha Matvei kiliwaletea kuni za ajabu, vipande vya mviringo, vyembamba, na kila kimoja kina alama ya nyundo upande mmoja.

Nilipofika hapo niliiweka karatasi chini nikaenda kunywa maji. Mtu asiyejua mbao atapita tu. Lakini alama ya nyundo hupigwa kwenye uso wa gogo, pale lilipokatwa, ili lisihesabiwe mara mbili. Ukitaka lihesabiwe mara mbili, unakata kipande chembamba chenye alama, unakichoma, na gogo lina uso mpya. Kesho unalileta kana kwamba limetoka msituni leo. Magogo yale mia tatu na kumi na mawili hayakuibwa na hayakuuzwa. Hayakuwahi kuwapo. Yalikuwa magogo yaleyale, yamerudi kwenye foleni, na kila lilipohesabiwa, kikosi kilifikisha idadi na kula mkate mzima.

Na Matvei alijua. Usiniambie alidanganywa. Gogo lililolala barafuni wiki mbili uso wake ni wa kijivu, na gogo lililokatwa asubuhi uso wake unang'aa na unanukia utomvu. Hakuna mpiga alama asiyeona tofauti. Alitazama, akapiga nyundo, akanyamaza, majira yote ya baridi. Tumbaku alipewa kwa hilo, nadhani, na siwezi kumtetea. Acha aivute.

Sasa jiulize kwa nini alikiri wizi ambao haukuwapo. Angesema ukweli, wangechukuliwa wote, waliokata, waliovuta na waliochoma. Kwa kusema ameuza, alikufa yeye mmoja. Mwizi huwa peke yake, lakini udanganyifu huu hauwezi kufanywa na mtu mmoja. Msumeno ule una mipini miwili.

Utaniuliza nimejuaje haya yote kwa wepisi. Hapa ndipo barua ilipokaa mezani siku nne, na ndiyo maana tarehe ya juu nimeibadilisha.

Mwaka 1994, wakati fedha ya nchi ilipokuwa takataka, depo ilikuwa inalipa vikosi vyake kwa mchele na samaki wa chumvi. Kikosi kikitoa magogo ishirini mtoni kwa wiki, kinapewa gunia. Kikosi cha Élie, mtu wa Yanonge, kilikuwa na watu saba na hakikukosa gunia lake hata wiki moja. Nilishuku, lakini sikuona kitu. Kisha mkewe Josée akajifungua, nikaalikwa nyumbani kwao Lubunga, ng'ambo ya mto, nikaenda na kitenge cha zawadi. Nilikula samaki wake. Na alipokuwa anakata samaki wa pili, nikaona kibao alichokatia. Kilikuwa kipande cha mviringo cha mti wa afromozia, na pembeni yake kuna namba ya rangi nyekundu, yenye saba ninayoipiga mstari katikati. Ilikuwa namba yangu, mwandiko wangu.

Asubuhi yake nilikwenda kwa mkubwa wa depo. Élie aliitwa, akasema alifanya yeye peke yake. Mimi nilikuwa nimesimama palepale. Nilijua gogo la tani tatu halirudishwi mtoni na mtu mmoja, na nilijua habari ya mipini miwili. Nilinyamaza, kwa sababu nilitaka liishe. Alifukuzwa, akaitwa mwizi tangu sokoni hadi parokiani. Watoto wangu mpaka leo humwita hivyo, kwa kuwa walilisikia neno hilo kwangu.

Basi jana niliomba toleka anipeleke bandarini kwa baiskeli yake, nikavuka kwa mtumbwi, nikaenda Lubunga. Papa Élie yupo, amekonda, anashona nyavu. Josée aliponiona alitoka uani na hakurudi mpaka nilipoondoka. Sikuwa na maneno mazuri. Nikamweleza Élie kuwa ni mimi niliyemsema.

Akaendelea kushona. «Yaya Emérence, dada yangu, mie nilijua ni weye,» akasema. «Siku ile uliangalia kibao, donc ukaacha kula. Mutu anaacha samaki ya Josée katikati? Nilijua tu.»

Nikamuuliza kwa nini alijitwisha peke yake. Akaniambia wawili kati ya wale saba walikuwa na homa tangu mwezi mmoja kabla, na wengine walikuwa wanavuta sehemu yao. «Wote bangefukuzwa, watoto wao wangekula nini? Mie nilikuwa na mashamba kwa Yanonge. Bon, nikasema ni mie.»

Nikamsimulia habari ya Elovka, ya Matvei na vile vipande. Alisikiliza vizuri kuliko alivyonisikiliza juu yangu mwenyewe. Mwisho akauliza, «Na ule papa wa Russie, bakamufanya nini?»

Nikamwambia walimpiga risasi.

Aliacha sindano. Kisha akasema, «Mie banifukuza tu,» na akanitazama kana kwamba amepewa kitu ambacho hakukitarajia. Lambert, nimeishi na aibu nyingine nyingi, lakini hiyo ya kuona mtu anashukuru kwa kile nilichomfanyia, sijaizoea na sitaizoea. Nililia ndani ya mtumbwi, na mwenye mtumbwi akadhani nimefiwa.

Kuna jambo moja zaidi. Taarifa iliyompeleka Matvei kwa wakubwa ina sahihi ya mtu, ukurasa wa ishirini na mbili. Ukurasa wa ishirini na nne, mtu huyohuyo ndiye anayepiga alama. Alipewa nyundo ya Matvei. Niliona haraka, kwa sababu wiki mbili baada ya Élie kuondoka, mimi nilifanywa mkuu wa wapiga alama wote wa depo, na ada yako ya mwaka wa kwanza ilitoka kwenye cheo hicho. Najua unavyopenda kuchimbua. Mji wenu ni mdogo, na wajukuu wa mtu huyo huenda wanakaa mtaa mmoja na ninyi. Nakuomba usiwatafute. Ukimpata babu yao, utamkuta mtu aliyekuwa na mdogo wake wa kusomesha.

Hii hapa ni ya kamati. Itafsiri neno kwa neno, usipunguze:

Mimi, Emérence, niliyepiga alama magogo Kisangani kwa miaka ishirini na tisa, nimesoma karatasi za kambi ya Elovka. Magogo mia tatu na kumi na mawili hayakuibwa, kwa sababu hayakuwapo. Vipande vilivyochomwa kwenye jiko la wagonjwa ni ushahidi. Naujua udanganyifu huu kwa kuwa mwaka 1994 nilimshika nao mtu anayeitwa Élie, nikamfanya aitwe mwizi, naye hakuwa mwizi. Aliwalisha wenzake, na Matvei aliwalisha wenzake. Ninayeandika haya ndiye niliyefanya kosa.

Nakala yake nimempa Viviane aisome kwa sauti Jumapili tukiwa mezani, watoto wote wakiwapo, na Patrice pia, aache simu yangu kidogo. Nyingine nimempelekea padri wa Lubunga. Simwamini sana, anapenda kuongea, lakini safari hii ndicho ninachokitaka.

Msalimie Larissa, umwambie asikukasirikie juu ya ukurasa uliouficha, nimekwisha kukasirika kwa niaba yake. Wanangu Osée na Olga wanakusalimu, na mama Safi wa mlango wa pili anauliza kama huko kuna sombe, hayo majani yake ya muhogo. Mungu awalinde katika nyumba hiyo, awape kuni za kutosha na mkate usiopimwa.

Na mama mkwe wako usimsalimie tu. Kaa karibu naye, upande wa sikio linalosikia, utaje jina la baba yake kwanza, Matvei, kwa sauti. Halafu umwambie hakuiba hata gogo moja. Umwambie anayesema hivyo ni mtu mwenye shaka na kila mtu.

Dada yako akupendaye na anayekusubiri,

Yaya Emérence