Kesi Haifutwi Koridoni

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu zangu. Natumaini wewe na shemeji ni wazima, na kwamba goti lako limeanza kupoa. Mimi ni mzima wa mwili. Moyo umenichafuka, na nikikuficha hilo nitakuwa si ndugu yako.

Juzi mlikuja ofisini kwetu, wewe, shemeji na yule binamu yetu mnayemwita Spika. Mlijaza benchi la mashahidi koridoni, na Spika akamwambia karani kwamba mmekuja kufuta kesi, kwa kuwa ukoo umeshakaa na kuyamaliza. Karani alipouliza ni kesi ipi, akajibu kwa sauti ya kufika hadi barabarani kwamba ni ya mpwa wa mzee wa ndani, na mzee atajua la kufanya. Vijana wa ofisi waliinamia majalada yao ili nisiwaone wakicheka.

Sikutoka. Jalada la mwanao lilipoletwa na polisi, nilimweleza mkuu wetu papo hapo kwamba mtuhumiwa ni mtoto wa dada yangu, naye akampa mwendesha mashtaka mwingine. Siruhusiwi kuligusa, wala sitaki. Kazi ya ofisi hii ni kupima ushahidi uliokusanywa na polisi, kuurudisha ukiwa na mapengo, kumwachia asiye na la kujibu na kumfikisha mahakamani aliye nalo. Mkweo, aliyepigwa na mumewe, ni shahidi tu. Anayeshtaki ni umma. Mtu akivunjwa taya, ukoo hauwezi kukaa sebuleni ukaamua kwamba halikuvunjika.

Hayo ningeyameza, kwa sababu hamkuyasomea. Lakini mlimleta na mkweo aseme amesamehe. Mwenzangu alimuuliza kama anasema hivyo kwa hiari yake. Spika akadakia kwamba ni kwa hiari kabisa, si mnaona alivyotulia. Ametulia kwa sababu meno yake yamefungwa nyaya. Mwenzangu akamwambia Spika anyamaze au akasubiri nje. Ndipo yule binti akasema, kwa taabu, nami nikamsikia kupitia mlango uliokuwa wazi kidogo:

"Mama amesema nikisamehe, atanirudishia mtoto."

Nilikuona ukitengeneza mtandio wako, kana kwamba aliyetajwa ni mama mwingine.

Mtoto ambaye hajaacha ziwa! Umemweka rehani mjukuu wako mwenyewe ili mwanao asikutane na hakimu. Nimefanya kazi hii hadi mvi zimenijaa, nimewasikia wezi na wauaji, lakini sikuwahi kuona haya kama nilivyoona siku ile, na aliyeniaibisha ni wewe niliyekubeba mgongoni.

Kuna jambo hulijui. Nasikia unamtukana fundi cherehani wa jirani, ukidai ndiye aliyekwenda polisi. Mwache mama wa watu. Ni mimi. Mkweo alikuja kwangu asubuhi ile, amefunga taya kwa taulo, hawezi kutamka neno. Nikampeleka hospitali, kisha kituoni, nikaandika maelezo yangu na kuyatia sahihi. Mimi ni shahidi wa upande wa mashtaka. Nitasimama mbele ya hakimu nimtaje mwanao kwa jina lake, jina nililompa mwenyewe, na sitalipunguzia herufi.

Kumzuia mtoto ili kumfunga shahidi mdomo ni kosa jingine, na mkuu wetu ameshalitolea agizo. Kwa ruhusa yake, barua hii nimemkabidhi askari wa kike aliyesimama mlangoni pako. Nilimwomba akuache uisome hadi mwisho kabla hajaomba alichokujia.

Nisalimie shemeji, na goti ulikande kwa maji ya moto. Sasa inuka, umvike mtoto sweta, umkabidhi. Usimlize.

Ni mimi, kaka yako wa tumbo moja.