Uso wa Gilbert kwenye Sketi

Jumatatu, 26 Oktoba
Kitenge kimefika. Uso wa Gilbert kila mahali, meno yote nje. Wamama wa kanisa wanataka sketi thelathini na mbili wavae Jumapili, kumwombea ashinde ugavana kule Amerika. Papa Dieudo, mwenyekiti wetu Wakongo wa hapa, anasema, "Mama Furaha, huyu ni mtoto wetu!"
Wetu. Miaka mitatu alilala chini ya meza yangu ya kushonea, hapa hapa Isipingo, Durban. Mimi nilimfundisha mashine. Dieudo hakumpa hata sabuni.

Jumanne, 27 Oktoba
Nimeangalia tena video yake ya kampeni. Bukavu, vita, ndege, chuo cha sheria, umeya. Durban haimo. Mimi simo. Anaruka kutoka Bukavu mpaka Amerika kama mtu ambaye miaka mitatu hakula.
Inaniuma. Sana.
Nimepanga kitambaa upya kabla ya kukata. Kila uso utaangukia nyuma, pale pa kukalia. Ibada nzima.

Alhamisi, 29 Oktoba
Zimeisha. Mshono safi.
Papa Dieudo kaja kuchukua ya mkewe. Kaigeuza, kaigeuza tena. "Mama Furaha, gavana anakaliwa?" Nimemwambia mbele hapakutosha. Uongo. Kapiga picha, kamtumia Gilbert.

Ijumaa, 30 Oktoba
Gilbert kapiga simu. Mara ya mwisho ilikuwa miaka miwili iliyopita. Anacheka mpaka anakohoa. "Mama, kosa gani hilo, mpaka wamama wote wanikalie?"
Nikamwaga yote. Kisha akauliza kama makaratasi yangu ya ukimbizi yametoka. Bado. Kila nikienda ofisini wananirudisha mikono mitupu.
"Basi nikikutaja, waandishi watakuwa mlangoni kwako kesho yake. Na wale wanaoandamana kufukuza wageni watajua duka ni lipi."
Eish. Hilo sikulifikiria. Mwezi uliopita walipita na fimbo, nikajifungia ndani.
Lakini hasira haikuisha. Nimemwambia kunificha bila kuniuliza si kunilinda. Ataje fundi, ataje Durban. Jina lingoje makaratasi.
"Ndiyo, Mama." Sauti ileile ya chini ya meza.

Jumamosi, 31 Oktoba
Nataka nyuso zije mbele, lakini kitambaa cha ziada hakuna. Kwa hiyo nyuma iwe mbele. Zipu iko ubavuni, haisumbui. Shida ni makalio: nyuma nilikata pana, ikija mbele inapwaya. Nabana huku, naachia kule. Robo saa kila sketi, sketi thelathini na moja, karibu masaa manane. Papa Dieudo nimempa wembe afumue. Analalamika mgongo. Afumue tu.

Jumapili, 1 Novemba
Wamama wamependeza. Gilbert mbele, anacheka kwenye mapaja yote. Nimeomba kwa sauti. Nilikuwa sijamwombea tangu aondoke.

Jumatano, 4 Novemba
Ameshinda! Isipingo nzima inapiga kelele, hata Wazulu wa rank ya teksi wanauliza nani kaoa.
Hotuba yake ndefu. Karibu na mwisho akasema: "Na fundi mmoja wa Durban. Nililala chini ya meza yake, nikaamka na kazi mkononi." Basi. Akaendelea na mambo ya barabara.
Dieudo kanitazama. Nimejifanya natafuta sindano.

Alhamisi, 5 Novemba
Mvua kidogo. Wateja bado. Nimefagia chini ya meza.
Wiki ijayo naenda tena kuuliza makaratasi. Safari hii sina haraka ya kukata tamaa.
Sketi ya thelathini na mbili ni yangu. Sikuigeuza. Nimeikunja vizuri kabatini. Asipopiga simu Krismasi, nitaivaa, nitafute kiti.