Liste Yenye Rangi Nyekundu

Nchelenge, tarehe 9 mwezi wa tano

Yaya Angèle,

Mihogo yetu imekauka bien, na mutoto ameanza kutembea. Jeraha la kichwa changu linafunga.

Mbele ya kuisikia habari hii kwa batu bengine, isikie kwangu. Ordinatere, ile kompyuta ya biro ya kugawa chakula kwenye ninafanya kazi, ilikuwa na liste mbili za majina zenye kufanana, moja ya kujaribia na moja ya kweli. Nilifuta ya kweli bila kujua. Siku ya kugawa unga, batu balikosa majina yabo, bakavunja mulango.

"Nani aliuzisha majina yetu?"

Balimukamata Kapembwa, mulinzi wa biro, bakamupiga na kafi za mitumbwi. Niliogopa, nikanyamaza. Wakati nililia, "Ni mimi niliyefuta!", bakanigeukia na kafi zilezile, lakini Kapembwa alikuwa amekwisha kufa.

Sasa nimetia liste ya kweli rangi nyekundu, na ordinatere haiifuti mpaka uandike jina lote la liste. Ilikuwa kazi ya saa moja tu, Yaya.

Jana nilimuambia Thelma, mujane wa Kapembwa, kwamba nilichelewa kusema. Alinipiga kofi mpaka mikono yake ikachoka. Sikukinga uso.

Ukiomba kanisani, taja jina la Kapembwa mbele ya jina langu.

Mudogo wako,
Octave