Parachuti Iliyofunguka Tukiomba

Mama mpendwa,

Huku Kitui jua linachoma, sio kama baridi yenu ya Nunguni. Leo ilikuwa siku ya kujaribu droni ya jeshi. Maagizo ya jaribio niliandika mimi kama mkaguzi: ipae, injini izimwe, parachuti ifunguke, sote tukiona. Injinia mkuu wa kampuni iliyoitengeneza akataka msaidizi wake atuombee kwanza. Tukafumba macho, na maombi yakawa marefu ajabu. Kufika amina, droni iko chini na parachuti imetandazwa vizuri kama shuka. Ati imepaa na kushuka tukiomba! "Bwana asifiwe, weka sahihi kwamba imefaulu," injinia akaniambia. Mimi sikusikia hata mlio. Nimekataa, kwa sababu hiyo kitu itapita juu ya watu. Kesho tunarudia.

Mama, ulinifunza kufumba macho nikiomba. Kesho nitaacha jicho moja wazi. Wewe niombee ukifumba yote mawili.

Mwanao, Mutheu